Mimi Siye Ovide Mnayemtafuta

Jumatatu, 6 Machi

Benki imenikataa! Mimi! Mtu ambaye hajawahi kudaiwa hata kikombe cha sukari. Bi. Doucet wa idara ya mikopo alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe. Katika kumbukumbu zangu za mikopo mna kodiani, injini ya mashua na kiti cha umeme cha kukanda mgongo. Vyote vimekopwa, vyote havijalipwa. Sijui kupiga kodiani. Sina mashua. Mgongo wangu mzima.

Nikajua papo hapo. Junia! Yaani baba yangu mzazi. Babu aliitwa Ovide Latiolais, akamwita mwanawe Ovide Latiolais, naye akaniita mimi Ovide Latiolais wa Tatu, kwa sababu katika ukoo wetu kutafuta jina jipya ni kupoteza muda. Mji wetu mzima wa Breaux Bridge unamwita baba Junia, ingawa ana miaka sitini na sita na tumbo linalomtangulia mlangoni. Ofisi ya kumbukumbu za mikopo imetufanya mtu mmoja. Mtu mmoja mbaya sana.

Mchumba wangu Verlie amekasirika. Ile nyumba ya njano tuliyotaka kuinunua kwa mkopo huo, yenye baraza pande mbili, mwenye nyumba anatusubiri hadi mwisho wa mwezi tu. Nyumba ikienda, kasema Verlie, na yeye anaenda. Dada yake kamtafutia kazi Houston, na pete atanirudishia kwa posta. Nimeumia. Kwa posta!

Halafu akanishauri nipeleke cheti cha kuzaliwa na leseni ya udereva, nieleze kwamba baba na mimi ni watu wawili. Basi. Ati ni hivyo tu. Maskini Verlie, ana moyo mzuri lakini ujanja hakujaliwa.

Jumanne, 7 Machi

Mpango wa kwanza: baba akiri kwa maandishi.

Nilimkuta juu ya kiti chenyewe, kinamtetemesha hadi mashavu yanacheza. Nikamsomea mashtaka yote. Akasema mwanangu, jina ni la ukoo, na mzigo wa jina hubebwa na ukoo. Nikamkumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Akakubali kabisa, akasema waliotunga hiyo walikuwa na hela. Kisha akanisihi nikae kidogo, nione mwenyewe kama kiti kile ni cha kulaumiwa.

Loo, kiti kile! Joto kiunoni, vidole vya chuma mabegani. Nikasinzia. Nilipozinduka fundi alikuwa amekwisha kubadilisha mota ya kiti, baba kajifungia bafuni, na mbele yangu kuna karatasi ya kusaini. Nikasaini na usingizi wangu. Ovide Latiolais.

Sasa nadaiwa na mota.

Alhamisi, 9 Machi

Nimepiga simu ofisi ya kumbukumbu. Muziki wa kusubirisha mpaka sikio likapata jasho. Hatimaye dada mmoja mwenye sauti laini akapokea, akasema kwanza nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Nikamwambia aulize lolote, hakuna anijuaye kuliko nafsi yangu.

Akauliza mwaka 2019 nilinunua chombo gani cha muziki kwa mkopo. Nikajibu hakuna. Kosa! Akauliza mashua yangu ina injini ya nguvu gani. Sina mashua! Kosa! Akasema anasikitika, mimi si mimi, akakata.

Sikukata tamaa. Nilipiga tena. Safari hii nilijibu kodiani, nikajibu injini, na kiti nikakitaja na rangi yake, kahawia. Dada akafurahi. Akasema hongera Bw. Latiolais, umethibitishwa. Nikamwambia sasa basi naomba mfute madeni hayo, si yangu. Akasema bwana, umetoka kunithibitishia sasa hivi kwamba ni yako. Tena imerekodiwa.

Verlie aliniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia mambo yanakwenda.

Jumamosi, 11 Machi

Wazo! Limenijia dukani, nikipanga ndoana kwenye rafu. Wazo zuri kiasi kwamba nilimpa mteja chenji ya ziada bila kujijua.

Maiti hadaiwi! Ovide mdaiwa akifa, madeni yanakufa naye, anabaki Ovide msafi, ambaye ni mimi. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi kila siku.

Nilimpigia mdai wa kiti, yule aliyemkopesha baba, huku nimebana pua. Nikajitambulisha kuwa binamu wa marehemu Ovide Latiolais. Mdai akashtuka, akauliza amekufaje. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikasema mamba.

Akanipa pole ya dhati. Nikashukuru kwa niaba ya familia. Niliona haya kidogo, lakini baba yu hai na anakula vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Ijumaa, 17 Machi

Balaa.

Yule mdai ana moyo wa huruma, laana yake. Baba alipokopa kiti alimwandika shangazi Earline kuwa mdhamini wa kumtambulisha. Basi mdai kampigia shangazi kumpa pole ya msiba. Shangazi, dada wa pekee wa baba, hakuuliza Ovide yupi. Alipiga yowe, akashika simu, na kabla ya saa sita mchana kila parokia hadi mtoni ilikuwa na habari.

Nikasikia hodi. Kufungua, ni jirani Bi. Zerlene na bakuli la saladi ya viazi. Aliniangalia. Bakuli likaenda chini. Nyuma yake foleni! Ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna, kwa hiyo ni gumbo, ile supu yetu nzito, ya kaa, kamba wa matopeni kwenye mchuzi mzito, mikate ya mahindi, keki ya tini. Nusu ya mji iliamua amekufa baba, nusu ikaamua ni mimi, na wenye busara walipika masufuria mawili. Mzee mmoja wa kanisani aliniuliza, akiwa ameshika kofia, kama mamba amepatikana.

Halafu gari la baba likapanda juu ya maua yangu. Akashuka na ndala, uso umelowa, rozari imemnasa kwenye kitufe cha shati. Alinikamata mabega, akanipapasa mikono, akainama kuhakikisha miguu yote miwili ipo. Akawa anasema tu mwanangu, mwanangu, mamba gani huyo, mwanangu. Siku ya mazishi ya mama alijificha bandani ili tusimwone analia. Leo alilia barabarani, mbele ya Bi. Zerlene. Na mimi nililia. Nakiri. Nampenda yule mzee mpumbavu.

Kisha akanusa gumbo.

Akasema njiani amemwahidi Mungu kwamba akinikuta hai atalipa kile kiti chote. Nikampa sahani. Kufikia sahani ya tatu alikuwa amenifafanulia kwamba Mungu hamshiki maneno mtu aliyechanganyikiwa. Kufikia keki, ahadi ilikuwa imebaki mota peke yake.

Shangazi Earline alifika mwisho, na nguo nyeusi. Alituona wote wawili tunakula, akatupiga kwa mkoba wake, mmoja baada ya mwingine, kwa haki sawa. Akasema, "Mtanitoa roho, nyie wajinga! Nimeshamlipia padri misa!" Baba akamuuliza kama misa inaweza kuhamishwa. Akapigwa tena.

Jumatatu, 20 Machi

Nimekwenda benki kwa mbwembwe, kutazama usafi wangu mpya. Bi. Doucet akafungua kompyuta, akanitazama, akarudi kwenye kompyuta. Akasema Bw. Latiolais, hapa inaonyesha umefariki.

Nikamwambia huyo ni yule mwingine. Akasema hakuna mwingine, bado mko faili moja, na faili limefariki. Madeni nayo hayakufa. Yapo palepale, yanasubiri mirathi! Nilikuwa na deni. Sasa nina deni na ni maiti.

Nikaomba mkopo hivyo hivyo. Akasema, kwa upole mkubwa, kwamba benki yao haijawahi kumkopesha marehemu. Nikamshika mkono ajionee joto. Akaita mlinzi. Mlinzi ni mtoto wa Bi. Zerlene. Alinisindikiza mlangoni akinishukuru kwa gumbo iliyobaki.

Jumanne, 21 Machi

Nimemweleza Verlie kila kitu. Sikuwa na namna, mama yake alikuwa amepokea maua ya rambirambi.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alizungusha pete kidoleni. Akasema ile nyumba ameshaiona moyoni mwake, jiko, mapazia, na mimi barazani nikiwa nimenyamaza. Akasema kunyamaza ndiko anakokupenda zaidi. Akaniuliza kama najua kwamba zimebaki siku kumi. Nikamwambia nina mpango mwingine. Akanyoosha mkono, akanifumba mdomo.

Jumatano, 22 Machi

Verlie amechukua hatamu. Alimvuta baba kutoka kwenye kiti kikiwa bado kinatetemeka. Alibeba vyeti vyetu vya kuzaliwa, leseni zetu, na bili za umeme za nyumba mbili. Tukapanga foleni mbele ya Bi. Doucet: mimi, baba, na shangazi Earline kama shahidi kwamba sote tunapumua. Shangazi alisema tunapumua, kwa masikitiko.

Bi. Doucet akapiga nakala, akazituma ofisi ya kumbukumbu kwa haraka maalumu, ili kila Ovide awe na faili lake chini ya namba yake mwenyewe ya utambulisho. Kazi yote haikufika nusu saa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kochi na kutogusa kitu. Verlie hakusema, "Nilikwambia." Alinitazama tu kwa namna ya kusema.

Binafsi naamini mpango wangu wa mamba ndio uliowalainisha.

Jumanne, 28 Machi

Nimefufuka! Tena msafi! Kodiani, injini, kiti na mota vimehamia kwa baba, nyumbani kwao. Alama zangu za mikopo zimepanda hadi 718, na mkopo wa nyumba umekubaliwa. Nilimwomba Bi. Doucet azisome kwa sauti. Kisha tena, taratibu.

Verlie alinibusu mbele ya watu. Mwenye nyumba anatusubiri Ijumaa. Baba naye alikuja na kodiani akatupigia wimbo pale pale ukumbini mwa benki, vibaya mno, hadi mlinzi akafungua mlango wa nje mwenyewe.

Bi. Doucet alinipa onyo moja. Alilirudia akinitazama machoni: mpaka Ijumaa tusaini, nisikope kitu chochote, hata kijiko. Benki itachungulia kumbukumbu zangu mara ya mwisho kabla ya kutoa hela, na ikikuta deni jipya, kwaheri nyumba. Nikacheka. Mimi nikope? Baada ya yote haya?

Alhamisi, 30 Machi

Kesho asubuhi tunasaini! Verlie ameshanunua mapazia. Amenipigia kutoka kazini kunisomea rangi.

Leo nilipita tu, nasisitiza nilipita tu, kwenye duka moja la barabara ya Henderson. Nikaiona. Sufuria ya kuchemshia kamba, kubwa kama beseni la kuogea, juu ya magurudumu, na jiko lake la gesi na taa zinazomeremeta. Unalipa kidogo kidogo. Niliizunguka, nikagonga ubavu, ikaitika. Baraza pande mbili bila sufuria ile ni aibu! Niliona Jumapili zetu zote mbele yangu, Verlie na glasi ya limau, baba anamenya kamba, shangazi hana mkoba.

Nikakumbuka onyo la Bi. Doucet. Mimi si mjinga. Alisema mimi nisikope. Kuhusu Ovide Latiolais mwingine hakusema neno. Basi nikajaza karatasi vizuri: Ovide Latiolais, bila wa Tatu. Tarehe ya kuzaliwa ya baba. Anwani ya baba. Deni likaelekea kule linakojua njia. Mahali pa namba ya simu nikaweka yangu, maana baba hapokei simu za maduka. Na kwenye namba ya utambulisho ya serikali nikaweka yangu pia, kwa vile ya kwake siikumbuki kichwani.

Muuzaji akabonyeza kompyuta, akasema hongera, imekubaliwa, na taarifa zimeshaingia kwenye kumbukumbu. Kwa haraka ile! Hapa kwetu watu wakitaka wanaweza kufanya kazi.

Sufuria iko uani, nimeifunika turubai. Itakuwa zawadi. Bi. Doucet amenipigia mara tatu tangu alasiri, sijapokea, najua anataka kunipongeza mapema. Na sasa Verlie naye anapiga, hakomi.

Furaha gani hii waliyonayo wanawake hawa!