Ndege Isiyokwamakwama ya Lushebere

Mheshimiwa Chef wa localité pamoja na bendera yake. Waheshimiwa Mapadri na Wachungaji, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa kanisa lake. Mama Président wa coopérative ya fromaji, ile jibini yetu ya maziwa, mwenye nitamtaja tena mbele kidogo, kwa tahadhari. Ndugu zetu wa Walikale waliotoka Kibua kwa miguu, na wale wa Hombo ambao nasikia pikipiki yao ingali mu tope. Wafanyabiashara wakubwa, wa katikati, na wale wenye kuuza karanga. Wafuga ng'ombe, wasukuma tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wazazi, vijana, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kudhania kwamba leo kuna kugawa chumvi:

Mtu anayesimama mbele yenu, mumuangalie vizuri, maana wajukuu wenu watawauliza. Mimi, Théophile Kabera, Président-Directeur wa Kituo cha Juu cha Urubani kwa Ordinateur cha Masisi na Walikale, Mratibu wa Anga yote inayoanzia juu ya kofia yangu na kuishia Hombo, ni mtu ambaye, bila kujisifu, kwa sababu sifa zangu zina midomo yake yenyewe, hata mawingu ya Lushebere yakitaka kumpita yanapunguza mwendo kwanza. (Makofi. Wingu moja lilipita bila kupunguza mwendo. Kicheko kule nyuma.)

Ndugu wananchi, katika mfumo wa maendeleo ya kudumu, ya kina na ya kushirikisha, na kwa kuzingatia kwamba barabara ya kwenda Walikale kiangazi iko barabara lakini masika iko mto, tuliketi, yaani mimi niliketi, tukaona kwamba mwana wa Masisi na mwana wa Walikale wanapashwa kutoka mu tope na kuingia mu hewa. Na kwa vile ndege ya kweli inakunywa mafuta kama wageni wa arusi wanavyokunywa bia ya bure, tukachagua simulateur, maana yake ndege ya ndani ya ordinateur, ile mashini ya kompyuta: unakaa ku kiti, unashika kifimbo cha kuendeshea, écran, kile kioo chake, inakuonyesha milima na mito, unaruka Goma, unatua Kisangani, na chai yako ingali na moto. Kituo hicho, ndugu wananchi, kiko! Kiko pale nyuma ya depo, mu ile nyumba ya mbao ambayo zamani za ujinga ilikuwa ya kukomazia fromaji, na ambayo Mama Athanasie Uwitonze, kwa uzalendo usio na mfano, alinikabidhi fungulo lake.

(Mama Athanasie, toka mstari wa mbele: "Kwa juma mbili, Papa Kabera! Ulisema juma mbili, njo ile tangu Pasaka! Fromaji yetu inalala chini ya kitanda ya batoto. Sasa panya njo bateja bangu!" Kicheko kikubwa.)

Asante, Mama Président, kwa mchango wako wenye kujenga, tumeupokea, tutauweka mu mapendekezo.

(Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo mwenye kubebaga fromaji mpaka Goma, akiwa ameegemea camion yake ya mizigo: "Mama anasema kweli. Mi fromaji ya chini ya kitanda sibebe, kule bananirudishia. Leo ikipanda ku mbao zake mu ile nyumba, ntarudia kuibeba. Isipopanda, mi natafuta coopérative ingine, na sirudi. Na mvua iko inakuja, mufanye mbio." Mama Athanasie alijifunga kitambaa kiunoni.)

Papa Nzanzu naye asante. Mvua tutaipangia kamati. Nije sasa ku kiini cha hotuba yangu, ambacho ni hesabu ya picha kwa sekunde, jambo ambalo mu mataifa ya mbali watu wanalisomea miaka na mimi nililielewa nikiwa nimesimama.

Wengi wenu mnadhani mu écran ndege inaruka. Hapana! Ordinateur inachora picha, inaifuta, inachora ingine, inafuta, upesi kuliko mama anavyopepeta maharagwe, na jicho lako, kwa sababu jicho ni rahisi kudanganya, linaamini kwamba kitu kinatembea. Picha zikiwa kidogo, ndege inakwamakwama, iko hapa, halafu iko pale, sawa chura mwenye deni, na rubani anatapika bila kuondoka ku kiti. Picha zikiwa thelathini kwa sekunde, ndege inatelemka vizuri kama maziwa mu kibuyu. Zikiwa sitini, hata tai anasimama kuangalia. Nilipoingia ku madaraka nilikuta picha nane. Leo, kwa utawala bora na macho yangu mwenyewe, maendeleo yamefika asilimia mia nne, na ile asilimia iliyobaki iko mbioni. (Makofi. Mutu mumoja aliuliza inabaki ngapi, akanyamazishwa.)

Tulifanya namna gani? Kwa réglage, yaani kuipangapanga mashini! Ordinateur, ndugu wananchi, iko sawa punda: ukimpandishia kila kitu anasimama katikati ya mlima na kukuangalia. Kwa hiyo unashusha mizigo. Mimi nilianza na vivuli, nikavitoa vyote, kivuli kinamsaidia nani? Nikaja ku mawingu, nikayapunguza mpaka yakabaki kama pamba ya infirmier ku kidonda. Nikaja ku umbali wa kuonekana, nikasema rubani wa Lushebere hana lazima ya kuona mpaka Uvira, aone kilima chake na cha jirani, inatosha. Nikafunga kila kitu kingine chenye kilikuwa kinatumika mule ndani ya ordinateur kwa siri, muziki, sinema, vyote, maana mashini moja haiwezi kulima na kucheza ngoma. Nikapanguza vumbi ku kipepeo cha nyuma, ile feni ya kuipoza, kwa sababu ordinateur yenye joto inapunguza mwendo yenyewe, bila kukuomba. Mwisho nikafika ku miti. Na hapa, ndugu wananchi, mtanisamehe, historia itanisifu: kwa kidole kimoja niliondoa pori yote ya Walikale.

(Kelele upande wa wageni wa Kibua. Papa Jérémie, mkubwa wao, alisimama na fimbo yake: "Unasema nini? Kule kwetu ata muti moja ya kujengea nyumba tunaombaga kwanza kwa mwami, mfalme wetu, na kuku ku mukono! Weye umeondoa pori yote, kuku yako tuliiona wapi?")

Papa Jérémie, mzee wangu, keti. Miti iko inarudi, ukibonyeza inarudi.

(Papa Jérémie: "Inarudi na nyani yake?")

Na nyani yake. Tutaandaa kuku. (Makofi kwa kuku.)

(Papa Jérémie, bado amesimama: "Na ingine. Kwetu ndege inatuaga ku barabara. Kabla itue, mutu anapiga filimbi, tunafukuza mbuzi, tunaondosha mihogo yenye tulianika. Mu hii ndege yako ya ndani, nani anafukuza mbuzi?")

Swali la kiufundi la kiwango cha juu sana! Mbuzi, magari, watembea kwa miguu, ile yote inaitwa circulation, na mimi circulation niliishusha mpaka sifuri. Mu simulateur yangu barabara ya Walikale haina mbuzi hata mumoja. (Papa Jérémie, akiketi: "Basi haiko Walikale." Kicheko.)

Lakini siri kubwa ya yote, ambayo siwezi kuisema mbele ya watu bila ulinzi, ila nitaisema, ni hii: usipende picha mingi, upende picha zenye kutulia. Ninyi wasukuma tshukudu mnanielewa. Mutu anatelemka na bidoni za maziwa toka kule juu. Yule wa kwanza anakimbia, anafunga breki, anakimbia, anafunga. Akifika ku soko anauza siagi na matusi. Wa pili anashika mwendo mumoja tu, polepole, sawasawa, na maziwa yake yanafika maziwa. Ni vile vile na ordinateur: ukiiacha huru inapiga sitini, inaanguka kumi na tano, inapanda tena, rubani anaona kizunguzungu. Uifungie ku thelathini, uiambie usipite hapo, itatulia. Hata ku maisha, ndugu wananchi, mimi ni mtu wa thelathini. (Makofi ya kweli, hasa ya wasukuma tshukudu.)

Na kama kuna adui wa maendeleo anayesema kituo changu ni maneno tu, namuuliza: ile moteri ya ndege yenye inangurumaga usiku nyuma ya depo, ni ya nani? Nani hapa hajaisikia?

(Sauti mingi: "Tunaisikiaga! Tunaisikiaga!" Papa Nzanzu: "Ile ni kweli, mi nililala mu camion pale karibu, nikaisikia kabisa. Lakini ilikuwa inakwamakwama! Inanguruma, inanguruma, halafu inanyamaza kabisa, nikasema ndege imeanguka, halafu inashtuka: hrrrr!")

Ilikuwa ni mbele ya réglage, Papa Nzanzu. Tulikuwa bado ku picha nane.

(Mama Nicole, mke wa msemaji, aliyeketi kati ya wamama wa coopérative, aliziba uso na kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika.)

(Mama Athanasie: "Mi nilichungulia mu tundu ya mbao. Ndege niliona, iko pale, nyeupe, juu ya mawingu. Lakini nilichungulia asubui, nikarudia mangaribi, nikarudia kesho yake. Haijasonga ata kidogo!")

Mmesikia? Mmesikia ushuhuda? Haitikisiki! Haikwami! Wataalamu wa dunia nzima wanatafuta utulivu wa namna hiyo na hawaupati, Mama Athanasie ameuona kwa jicho moja mu tundu! (Makofi ya wachache. Matone ya kwanza ya mvua. Papa Nzanzu alipanda mu camion na kuwasha moteri.)

(Mama Athanasie, sasa amesimama mbele ya meza: "Papa Kabera, maneno imetosha. Hii camion ikiondoka bila jibu, wamama kumi na bili tunarudi kumwanga maziwa kwa nguruwe. Fungula mulango, utuonyeshe ndege, tutakuachia nyumba. Ao tupe fungulo." Umati: "Afungule! Afungule!")

Mama Président, kufungua mlango kunahitaji itifaki...

(Mama Nicole, akisimama: "Wee Papa Kabera! Sema kweli kwa kinywa yako, ao nikusemee mimi, na mi nitasema na mfano!")

Ndugu wananchi. Nakatisha hotuba kwa sababu ya hali ya hewa. Niseme "Picha thelathini!", mjibu "Zitulie!" Picha thelathini! (Watu watatu: "Zitulie!") Masisi hewani! (Mutu mumoja: "Fungulo!") Walikale hewani! (Wote: "Fungulo!")

Basi nashukuru. Namshukuru fundi wa ordinateur, ambaye angekuja kama ordinateur ingekuja. Naishukuru ordinateur, ambayo ingekuja kama ningeiagiza. Namshukuru kijana wa cyber ya Goma, mwenye nilimuangalia juu ya mabega akipanga réglage ya ndege yake, siku ile nilikuwa ku mstari wa photocopie, na kila kitu nilichowaambia kuhusu picha ni cha kweli, alikifanya mbele yangu na ndege ikatulia, naapa. Nashukuru kalenda ya mwaka jana yenye ndege nyeupe, yenye nilipigilia misumari ku ukuta juu ya mbao za fromaji. Mama Athanasie, fungulo hili hapa. Papa Nzanzu, zima moteri, fromaji inapanda leo.

(Vigelegele. Camion ilizimwa. Wamama walianza kukimbilia nyuma ya depo, vitenge juu ya vichwa.)

Mama Athanasie, ngoja! Ngoja kidogo! Mbele ya kupanga fromaji, niacheni nitoe godoro yangu. Na ile moteri ya usiku... ile ni mimi nikilala. Mama Nicole alisema nichague: pua yangu ao nyumba yake. Asanteni kwa kunisikiliza.