Pacha Wangu wa Kibandani

Jumatatu, 4 Machi
Kibanda chetu cha ukalimani ni kilekile: viti viwili, vipaza sauti viwili, kioo cha kuwatazama wajumbe. Pacha ndiye hayupo. Miaka yote tulikaa bega kwa bega, hadi wenzetu wakatuita mapacha. Nikikwama neno, aliliandika kiganjani akaninyooshea. Sasa yuko ghorofani anatafsiri nyaraka, na kiti chake kapewa kijana ninayemwita Bwana Kamusi. Nikikwama, huyu hunionyesha simu: maana tatu na asili ya neno. Nikija kuchagua, msemaji keshashuka jukwaani. Ijumaa mkuu anamthibitisha kazini. Lazima aondoke kabla.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia Kamusi, kwa huruma ya kiutu uzima, kwamba hewa ya kibandani huharibu mapafu. Akanishukuru sana. Alasiri kaja na feni. Kaielekeza kwangu, eti mzee ndiye wa kuchungwa. Karatasi zangu zote zikapeperuka. Mzee!

Jumatano, 6 Machi
Usingizi wa mang'amung'amu. Nilimkumbuka Pacha akimenya chungwa chini ya meza, polepole, kipaza sauti kisisikie, kisha ananipa nusu. Ndipo wazo likaja. Mkalimani hana "mimi" yake. Msemaji akisema mimi, nasi twasema mimi. Na watu wa ghorofani, Pacha akiwemo, husikiliza rekodi zetu ili waandike kumbukumbu. Kesho anahutubia mhandisi wa mabomba. Nani atajua hiyo mimi ni ya nani?

Alhamisi, 7 Machi
Mhandisi alisema bila mabomba mapya hafiki popote. Nikatafsiri: mimi bila pacha wangu sifiki popote, rudi. Mama mmoja ukumbini akapangusa machozi. Mwenyekiti akampa mhandisi pole kwa kuondokewa. Nikaigeuza kuwa pole kwa mabomba. Mhandisi akajibu kwamba yameshaoza, yafukuliwe yakatupwe. Kwa kupagawa nikasema: ameshaoza, afukuliwe akatupwe. Mama akaacha kulia. Kamusi alininyang'anya kipaza sauti akayasawazisha.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kanionya: nikitia tena mimi yangu mwenyewe, naenda nyumbani. Kamusi kathibitishwa. Kisha Pacha akashuka. Alikuwa amesikia yote, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia taratibu kwamba hakuhamishwa, aliomba mwenyewe. Masikio yake yamechoka, huko juu akikosa neno anarudisha rekodi nyuma. Na ndiye aliyempendekeza Kamusi, maana alitaka mtu wa kunitunza. Akasema naye hunikumbuka. Nikatokwa na machozi, nikasingizia feni.

Jumamosi, 9 Machi
Kikao cha kufunga mkutano. Hila nimeacha kabisa. Ila nasikia kando ya Pacha kuna meza tupu, na mkalimani mwenye masikio mabovu hupelekwa hukohuko. Basi tangu leo mimi kiziwi. Nimeanza mazoezi. Kamusi kaniuliza kama nataka chai. Nikanyamaza. Kainywa yote.