Mficha IP wa Bulla Pesa

Siku Awale alipoliona lile tangi la maji kwenye simu yake, alikuwa karibu kukata tamaa ya kuoa.

Lilikuwa tangi la buluu, limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa lami, nalo lilisimama nyuma ya mbuzi weupe waliokuwa wakiuzwa Facebook na msichana aliyejiita Ikra Mrembo wa Kinna. Nusu ya wanaume wa Isiolo walimjua Ikra. Walimtumia malipo ya kwanza ya mbuzi pamoja na salamu za mapenzi, na Ikra akavipokea vyote kwa unyenyekevu mkubwa. Mbuzi hawakufika. Waungwana wakanyamaza, kwa maana nani ataingia kituo cha polisi kueleza kwamba ameibiwa akitongoza?

Awale hakushughulika na mbuzi wala na macho ya Ikra, ambayo kwa hakika yaliibwa kwenye picha ya binti wa nchi nyingine kabisa. Yeye alitazama tangi. Alikuwa amelipita mara nyingi kule Burat, katika boma la Denge, dalali wa mifugo mwenye kitambi na ndevu za hina.

"Kumbe Ikra ana ndevu," akasema, na tabasamu likamjaa uso.

Huyu Awale alikuwa na kibanda katika mtaa wa Bulla Pesa, na juu ya kibanda kibao: TUNAFICHA IP. USALAMA WAKO, HESHIMA YETU. Kazi yake ilikuwa kuwatisha watu na kisha kuwauzia utulivu. Alimweleza mteja kwamba kila simu ikiingia mtandaoni hubeba nambari yake, ndiyo IP, kama vile nyumba ilivyo na mlango, na kwamba wabaya wanaweza kuifuata nambari hiyo hadi karibu na kitanda chake. Hapo mteja alianza kutoka jasho. Awale alichukua simu, akaizima, akaiwasha, akaipangusa kwa kitambaa cha zambarau, akabandika nyuma yake kijikaratasi chenye picha ya kufuli. Basi. Mwalimu mmoja alitembea na kufuli hilo mwezi mzima, akitukana wakubwa wake mtandaoni kwa jina lake kamili na picha yake, mpaka alipohamishwa. Akarudi kulalamika. Awale akamwambia kufuli limechakaa, akambandikia jingine, na mwalimu akashukuru. Ukiwaonea huruma watu kama hao, huruma itakuishia bure.

Lakini ujanja wote huo ulikuwa haujamsaidia kwa jambo moja alilolitaka kwa dhati, nalo ni Habsa. Alimpenda. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwa kuwa ni vigumu kumdharau mtu vizuri akiwa anapenda. Habsa aliuza vipuri katika duka la baba yake, Mzee Abdullahi, mjukuu wa askari wa zamani wa Mwingereza, mwenye malori ya Moyale na ngamia kule Sericho. Awale, kwa tamaa ya kumpendeza mzee, alikuwa amejigamba kwamba ukoo wao una ngamia wengi Kinna, na kwamba yeye mwenyewe amelelewa kwa maziwa yao. Ukweli ni kwamba alilelewa kwa chai ya rangi nyuma ya stendi, na ngamia yeye alimjua kama nyama ya kukaanga tu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Lete jike mmoja, mwenye mimba. Ijumaa, mbele ya wazee. Usipoleta, kuna mkandarasi wa Garissa ameshatuma watu kuposa."

Na Habsa akamvuta kando akamwambia, "Awale, safari hii ongea kidogo. Leta ngamia tu."

Ndiyo sababu tangi lile la buluu lilimfurahisha kuliko mwezi wa Idi. Akapanda bodaboda hadi Burat.

Denge alikuwa amejilaza kwenye mkeka, simu mkononi, akimwandikia mpenzi mmoja wa Ikra kule Merti.

"Salaam aleikum, Ikra," Awale akasema.

Simu ilimwangukia Denge kifuani. "Warya! Umesema nini?"

"Nimesema salaam aleikum. Utaniitikia kwa sauti yako ama kwa ya Kinna?"

Denge akaketi. "Nani amekuambia?"

"IP yako imeniambia. Mimi ni mtu wa mitambo, bwana. Nikiona wewe, na wengine wataona. Wale wanaume wote uliowalia pesa za mbuzi wakijua mrembo wao ni wewe, watakufanya nini?"

Denge alitafakari watakachomfanya, na uso ukamsawijika. Mle bomani, kando ya tangi, ngamia jike mweupe alikuwa akitafuna majani kwa utaratibu, tumbo limemjaa. Macho ya Awale yalikwenda kwa ngamia yakakwama huko. Macho ya Denge yakayafuata, na nadhani hapo ndipo woga ulipomtoka Denge na akili kumrudia. Kwa bahati mbaya Awale hakuwa akimtazama.

"Unaweza kunificha?" Denge akauliza polepole.

"Ni kazi yangu."

"Si hii ya kufuli na kitambaa. Hiyo nimeisikia. Mimi nataka kufichwa kabisa. Unifiche mpaka wewe mwenyewe ukinitafuta usinipate. Ukiweza, unaondoka na huyo ngamia. Usipoweza, tutakufa wote, maana nitasema tulikuwa pamoja."

Awale alimeza mate. Ngamia mzima, kwa kazi ya asubuhi moja! Mwenye njaa haoni mwiba ndani ya samaki. Hakujiuliza kwa nini dalali, mtu anayebishania hata kamba ya mbuzi, anamtoa ngamia mwenye mimba bila kupeleka bei juu. Hakujiuliza kwa nini ngamia huyo yuko Burat kwenye uzio mrefu wa miiba, badala ya sokoni, ambako kila mnyama hukaguliwa na watu wanaojua mali ya nani iko wapi.

Akafanya kazi. Na hili ndilo la kuchekesha kuliko yote: kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliifanya vizuri. Aliweka kwenye simu ya Denge programu ya kweli ya VPN, inayoupitisha mtandao nchi nyingine kabla haujafika unakokwenda. Alimhamishia Ikra kwenye akaunti mpya isiyo na nambari ya simu ya Denge. Alifuta picha zote zenye tangi, moja baada ya nyingine. Alimfundisha asiwahi kufungua ukurasa ule bila kuwasha programu kwanza. Kisha wakasubiri siku kadhaa, wakafungua sehemu ya ukurasa inayoonyesha msimamizi yuko nchi gani, na simu ikajibu: Uholanzi.

"Mimi niko Uholanzi?" Denge akauliza, akitazama miiba ya uzio wake.

"Uko huko, na baridi inakupiga."

"Na wewe ukitaka kunishtaki?"

"Nitamshtaki nani? Hata mimi siwezi kukupata." Awale alisema hayo kwa fahari ya fundi, kifua mbele.

"Mashallah," Denge akasema, kwa moyo mweupe kabisa. Akafungua kamba.

Awale alipomshika ngamia, aliona chini ya taya alama iliyochomwa kwa moto, kulabu na mstari. "Hii ni nini?" alitaka kuuliza, lakini mtu aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia anaulizaje swali kama hilo? Akaigusa alama kwa kidole, akatikisa kichwa kama mjuzi.

"Chapa safi," akasema.

"Safi sana," Denge akajibu. "Inaonekana kutoka mbali."

Ijumaa, baada ya sala, Awale aliingia uani kwa Mzee Abdullahi akiwa na kanzu mpya, akimvuta ngamia. Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka na vikombe vya chai ya maziwa. Habsa alisimama mlangoni pa jiko na shangazi zake, na alipomwona ngamia alijifunika mdomo kwa shela. Hakuwa ametarajia. Alikuwa amekesha akifikiria namna ya kumbembeleza baba yake aongeze muda.

"Salaam aleikum, Adeer, ami yangu," Awale akasema. Angeishia hapo. Alikuwa ameambiwa aongee kidogo, na hayo yalitosha. Lakini ulimi wa tapeli haujui njia ya kurudi nyumbani. "Huyu ni wa kundi letu la Kinna. Amezaliwa mikononi mwangu, usiku wa mvua. Mama yake alikufa, nikamlea mwenyewe. Wallahi, kumtoa kwangu ni kama kutoa dada."

Mzee Abdullahi aliweka kikombe chini, akainuka, akamzunguka ngamia taratibu. Akainama chini ya taya. Akapitisha kidole kwenye kulabu, akapitisha kwenye mstari. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita kwa sauti ya chini, "Addey. Hoo, Addey."

Ngamia akanyanyua kichwa. Akaguna, akaikokota kamba pamoja na Awale aliyeishikilia, akavuka ua mzima hadi kwa mzee, akamwekea shingo begani.

Kila mzee pale alikuwa anaijua chapa ya Abdullahi, kama anavyoijua sura ya Abdullahi mwenyewe. Na kila mmoja alikumbuka jike mweupe aliyeibwa Sericho wakati wa kiangazi.

"Amezaliwa mikononi mwako," mzee akasema.

"Adeer, nilikuwa natania—"

"Ukamlea mwenyewe."

"Nimepewa! Denge wa Burat amenipa! Nimemfanyia kazi!"

Wakamtuma mtu wa pikipiki, na Denge akaja, kofia kichwani, tasbihi mkononi, mpole kama aliyetoka kuzika. Akasalimia kila mzee kwa mkono. Alisikitika sana. Alimjua huyu kijana kwa sura tu, alisema. Alikuja Burat siku moja kutafuta wateja wa kufuli zake, na yeye akamkataa kwa adabu. Yeye hajawahi kumwona ngamia huyo.

"Mwongo!" Awale akapiga kelele. "Huyu ndiye Ikra Mrembo wa Kinna! Fungueni ukurasa mtaona picha za tangi lake!"

Kwa jina la Ikra, wanaume watatu waliokuwa ukutani walikohoa na kutazama viatu. Hakuna aliyetaka kukiri kwamba anaujua ukurasa huo, hivyo simu ikaletwa na Habsa. Akaufungua. Akatafuta tangi, hakuliona. Akatafuta nambari, hakuna.

"Tazama msimamizi yuko wapi," Awale akamsihi, kisha akakumbuka kazi yake ya Burat.

Habsa akasoma kwa sauti iliyokufa. "Uholanzi."

"Hiyo ni IP ya uongo! Ya kweli iko Burat! Imefichwa!"

"Imefichwa na nani?" Mzee Abdullahi akauliza.

Nje ya ua, juu ya kibanda cha mtaa wa pili, kibao cha Awale kilisema kwa herufi nyekundu: TUNAFICHA IP.

Habsa akamkaribia. Alikuwa akilia, na hakuona haya kulia mbele ya watu. "Ungekuja mikono mitupu ningekupigania," akasema. "Nilishajiandaa. Ningemwambia baba, huyu hana kitu lakini ni wangu." Akampa simu baba yake, akaingia ndani, na Awale akasikia komeo.

Wazee hawakuita polisi. Mambo ya ngamia yana wenyewe. Waliamua kwamba Awale, kwa kuwa anapenda sana kuwazalisha ngamia usiku wa mvua, aende Sericho akamchunge Addey, azae mikononi mwake kweli, na amlee ndama mpaka aachishwe, ndipo wazungumze tena. Denge ndiye aliyeomba dua ya kufunga kikao, na dua ilikuwa nzuri.

Sericho ni mbali, maji ni ya kuvizia, na mtandao ni wa kuvizia zaidi. Awale amejua sasa kusoma chapa, maana wachungaji wenzake walimcheka mpaka akajua. Siku moja akimfuata Addey juu ya kilima cha mawe, simu yake ilishika mtandao kidogo, na kitu cha kwanza kilichofika kilikuwa tangazo. Alilisoma akiwa amesimama juani, na Addey akitafuna ukingo wa kanzu iliyokuwa mpya.

Ikra Mrembo wa Kinna alikuwa ameacha biashara ya mbuzi. Sasa, kwa masharti nafuu, alikuwa anawaficha watu mtandaoni. Chini ya picha ya kufuli alikuwa ameweka ushuhuda: "Mteja wetu Awale wa Bulla Pesa tulimhudumia mara moja tu. Mpaka leo hakuna anayempata."