Kituo cha Utulivu wa Utumbo, Shambani kwa Wegesa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru lakini kiti chake mnakiona. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu juzi. Waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, makatibu wa kamati na makatibu wa kamati ndogo za kamati hizo. Wazee wetu wa mila, shikamooni. Viongozi wa dini, Bwana asifiwe. Wadau mliotoka Sirari kwa bodaboda na mliotoka Nyansurura kwa lori la ng'ombe. Mama mwenye shamba. Na ninyi wengine ambao vyeo vyenu sikuletewa: mimi Joram Nchagwa, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Kupunguza Msongo wa Mawazo kwa Wenye Uvimbe Sugu wa Utumbo, Tarime na Serengeti, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi ya watu watatu, wawili wao madereva wa Mratibu.)

Ndugu wananchi wa Itiryo, nianze na usuli. Miaka mitatu iliyopita nilihudhuria warsha ya siku nne mjini, ambayo niliisikiliza kwa makini siku ya pili. Siku hiyo Daktari Benedicto alitufundisha kwamba wapo watu ambao utumbo wao huvimba na kutoka vidonda kwa ndani, na si vidonda vya tumbo hivi tulivyovizoea, bali ni ugonjwa wa kudumu, hauambukizi wala haukutokana na kurogwa; mgonjwa anaweza kukaa hata miaka akiwa ametulia kwa dawa, kisha ukaamka, akaharisha damu, viungo vikamuuma, nguvu zikamwisha. Akasema msongo wa mawazo hauuanzishi ugonjwa huu, ila ule msongo wa muda mrefu, wa kulala nao na kuamka nao, unaweza kuuamsha na kuuzidisha. Nikanyoosha mkono nikauliza kama msongo huo unaweza kupunguzwa kwa jengo. Daktari alinitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, na ukimya ule niliuchukua kama ridhaa ya kitaalamu. (Mtu anakohoa.)

Baada ya upembuzi yakinifu uliochukua mchana mzima, tulibaini kwamba kata hii ina mgonjwa mmoja anayefahamika, Mama Wegesa, mke wa Simoni, mkulima, mwenye ugonjwa huo kwa miaka tisa na aliyekuwa ametulia kwa miaka miwili mfululizo. Na tulibaini pia, kwa mujibu wa vigezo vya kimkakati, kwamba sehemu tambarare na yenye mandhari nzuri kuliko zote kwa ajili ya kituo ni shamba lake. Hivyo tukapanda bikoni nne za zege kwenye kona, tukazuia kilimo kwa miezi mitatu kupisha ujenzi. Mama huyu, akiwa ameshika jembe, akaniuliza, "Sasa nikalime wapi?" Nikamjibu kwa upole wa kiongozi, "Mama, tulia. Unajengewa utulivu." (Kicheko. Mratibu anangoja kiishe, hakiishi.)

Nashukuru kwa furaha yenu. Ndugu zangu, miezi mitatu ile, kutokana na changamoto za kimchakato, iliingia mwaka, na mwaka ukaingia mwingine. Lakini ofisi yangu haikumwacha mnufaika gizani. Tulimwandikia barua kumi na moja, kila moja ikiwa na tarehe mpya ya kuanza ujenzi na kila moja ikimkumbusha kwamba atakayegusa ardhi ile atachukuliwa hatua. Simoni amenieleza kwamba mkewe alifikia hatua ya kutambua mlio wa pikipiki ya tarishi ikiwa bado ng'ambo ya mto, akaacha kula. Nikaandika kwenye ripoti: mawasiliano na wanufaika ni mazuri, asilimia mia moja.

Ni katika kipindi hicho ugonjwa ulipoamka. Mara kumi na mbili kwa siku mama huyu alikimbilia chooni, na alichokiona humo kilikuwa damu. Magoti yakavimba, gauni la kanisani likamzidi mabega. Akakodi kipande cha shamba kwa jirani, lakini siku nyingine hakuweza kufika hata kwenye kipande hicho. Mama mkwe wake akasema mtoto wa watu amerogwa. Simoni akampeleka kwa Daktari Benedicto, ambaye baada ya vipimo alimbadilishia dawa, kisha akamuuliza, "Kuna jambo gani linalokusumbua muda wote huu?" Wegesa alifungua mkoba akatoa barua zangu. Ndugu wananchi, ninayo taarifa ya uhakika kwamba daktari alizisoma zote kumi na moja, na nyingine alizirudia. Ni waratibu wangapi nchi hii barua zao zinasomwa na madaktari bingwa?

Nikaona sasa niongeze ushirikishwaji. Nikamwita kwenye Kikao cha Wanufaika, kule mjini, kikao cha saa tano, wajumbe ishirini na wawili na mnufaika mmoja, naye tukamketisha mbele kabisa, mbali na mlango, kwa heshima. Tulipofika ajenda ya nne alisimama akasema, "Mwenyekiti, naomba nitoke." Nikamwelekeza kwamba hakuna kutoka kabla ya mengineyo. Akasubiri kidogo, akasimama tena. "Mwenyekiti, nikiendelea kungoja, kiti hiki hakitafaa." Wajumbe wakacheka, nami nikacheka, nikamwambia afuate utaratibu. Akaketi. Mara ya tatu hakuomba. Alikuwa amechelewa. Neema, mpishi wa chai wa pale, aliweka birika chini, akavua khanga yake akamfunga kiunoni, wakatoka wote wawili bila haraka, na ukumbi mzima ukawasindikiza kwa macho. Mimi nilitazama makabrasha. Nayatazama hadi leo nikikumbuka. (Mratibu anakunywa maji.)

Turudi kwenye mafanikio.

Wiki tatu mama hakuonekana kanisani wala sokoni. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa wazee wa ritongo, baraza letu la ukoo, akasimama mbele ya wanaume wote akasema, kama nilivyoelezwa, "Mimi ugonjwa wangu nimeuzoea, naujua unavyokuja na unavyoondoka. Huyu Joram ndiye simjui anaondoka lini." Wazee wakaniita. Mzee Heche, ambaye namwona pale, akaniita kijana kwa lugha yetu, akauliza, "Mura, karatasi ya kukupa shamba hili iko wapi?" Nikamweleza kuhusu dira, dhima na mpango kazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, "Karatasi, mura." Nikaomba wiki mbili. Wakanipa mpaka siku ya mnada wa ng'ombe.

Siku ya mnada nilikuwa na majukumu ya kitaifa Serengeti. Kesho yake Simoni alileta jozi mbili za maksai, akang'oa bikoni kwa mnyororo, na Wegesa mwenyewe, akipumzika kila baada ya mstari, akapanda mahindi na maharage kutoka kona hadi kona. Barua ya kumi na mbili ilipofika alimpa tarishi uji, akairudisha bila kuifungua.

Na hapa, ndugu wananchi, ndipo matokeo ya mpango wangu yanapodhihirika. Ndani ya miezi miwili, kwa dawa mpya za daktari na kwa kutokuniona mimi, damu imekoma, anakula ugali, na jana amepalilia tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kukimbia popote. Daktari anasisitiza kwamba hajapona, ametulia tu, na dawa asiache. Lakini takwimu ni takwimu: katika wanufaika wote wa kituo hiki, asilimia mia moja wametulia. Naomba mama asimame aseme neno kwa kituo. (Wegesa anasimama. "Nimesikia yote uliyosema, na yale ya kikaoni umeyasema kweli. Sasa tokeni kwenye maharage yangu." Makofi marefu. Wageni wa meza kuu wanahamia barabarani. Mratibu anamalizia akiwa amesimama kwenye mtaro.)

Utumbo uliotulia! (Kimya.) Taifa lililotulia! (Mzee Heche: "Endelea, mura, mvua inakuja.")

Kwa kumalizia, nawashukuru wazee, madereva wangu, na mama kwa ukarimu wa ardhi. Shukrani za pekee ni kwa Bi Scholastica wa masjala, ambaye leo asubuhi amepekua mafaili yote ya wilaya zote mbili na kunithibitishia kwa maandishi kwamba mpango huu haukuwahi kuombwa, kuidhinishwa wala kufunguliwa jalada, na kwamba hata cheo changu hakimo. Kwa hiyo, ndugu wananchi, natangaza kwa fahari kubwa kwamba mradi huu haujachelewa hata siku moja. Asanteni kwa kunisikiliza.