Ombi la Kumpokea Dada Yako Mpaka Kichwa cha Treni Kikauke

Elinuru Shekiondo,
Juu ya Soko,
Lushoto.
19 Agosti 2025

Kwa Shemeji Benjamini,
Vuga.
(Kwa mkono wa Hamza wa bodaboda)

YAH: OMBI LA KUMPOKEA DADA YAKO DEVOTHA KWA MIEZI MIWILI, RANGI IPATE KUKAUKA

Shemeji yangu ninayekuheshimu, shikamoo.

Natumaini baridi ya mwaka huu haijakufika magotini. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina kero, na kero zenyewe nakuletea wewe. Najua malalamiko ya ndoa hupitia kwa mshenga. Wa kwetu, marehemu Faustine, tulimzika mwaka juzi, na sikuona vyema kumsumbua huko aliko. Kwenye simu nako mtu hukatika kabla hajamaliza kulaumu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Usishangae mwandiko kuwa mzuri, nina karani.

Nianze na jambo unalolijua. Unakikumbuka kichwa cha treni namba 214. Tarehe 21 Oktoba 1978 ulimteremsha dada yako kutoka Vuga mpaka stesheni ya Mombo, na sanduku lake la bati, ukamkabidhi kwa wazee wangu, na kichwa hicho kikatuvuta mpaka Tanga. Mimi nilikuwa msaidizi wa dereva. Siku ile nilipewa ruhusa ya kukaa behewani na bibi harusi, lakini nilishindwa kutulia, nikaenda mbele kuangalia presha ya mvuke. Dada yako jambo hilo hajalisahau.

Sasa kichwa hicho nakijenga upya. Kipimo ni moja kwa elfu, yaani urefu wake ni sawa na haragwe moja la njano. Hakuna nilichonunua dukani kikiwa tayari. Tangi la mvuke ni ncha ya kalamu ya wino. Kibanda cha dereva ni bati la kopo la maziwa. Bomba la moshi ni kipande cha sindano ya cherehani, na magurudumu ni waya wa shaba nilioukata kwa wembe, moja moja, nikiwa na lenzi ya fundi saa jichoni. Kazi hii ina miaka mitatu. Kilichobaki ni rangi: mwili mweusi, mstari mwekundu ubavuni, na namba 214 kwa dhahabu. Nataka kikamilike tarehe 21 Oktoba, miaka arobaini na saba kamili tangu safari ile. Kisipokamilika mwaka huu, kwa hali ninavyoiona, hakitakamilika tena.

Kizuizi ni dada yako. Naomba usome yote kabla hujakasirika.

1. Kufagia. Dada yako anafagia kila asubuhi, hata siku ambazo hakuna uchafu. Mwezi wa tatu gurudumu la nyuma kushoto lilianguka, na kabla sijainama lilikuwa limeshatoka nje pamoja na maganda ya viazi. Tulichuja taka za siku ile kwa kichujio cha chai, mimi na yeye, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Tulipata gurudumu, kifungo cha shati langu la kazi na kipande cha jino ambacho kila mmoja anasema si chake. Nilimwomba kwa adabu asifagie mpaka Oktoba. Alikataa, akisema hata Ikulu wanafagia.

2. Makande. Hili linaniuma mpaka leo, nami naomba ulisome ukiwa umekaa. Mwezi wa nne alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mezani pangu, akidai ndipo penye mwanga. Kichwa cha treni kikaingia kwenye ungo. Mtu aliyelelewa Vuga, anayeona jiwe dogo kuliko punje ya mtama, hakuona treni. Kilipikwa na mahindi saa tatu nzima, nami nikakipata kwa jino la upande wa kulia. Rangi yote ya kwanza ilibanduka na bomba la moshi likalala. Mwenyewe alikiri kosa papo hapo, akaomba radhi. Karani wangu ameniuliza kama aya hii ni ya lazima. Nimemwambia ni ya lazima kuliko zote.

3. Kuimba. Dada yako anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na nyumbani anafanya mazoezi. Sina ugomvi na nyimbo za Mungu. Ugomvi wangu ni na upepo. Kuna maneno ambayo mtu akiyaimba karibu na meza, kichwa cha treni kinatembea chenyewe, jambo ambalo hakikuundiwa. Nilimpa orodha ya nyimbo tulivu na hajaitumia.

4. Wageni. Hapa ndipo lawama inapokuwa nzito. Mtu akipaka mstari mwembamba kuliko unywele, habanduki kwenye lenzi na hapumui. Dada yako naye anamfungulia mlango kila anayebisha. Anaingia kijana wa watu, ananiona mzee, anatoa shikamoo yake vizuri kama alivyofundwa. Nisipoitikia, kesho soko zima litasema Mzee Shekiondo amekuwa na kiburi. Nikiitikia, neno marahaba lina pumzi nyingi mno. Nililitamka mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, Abdulaziz, na ngazi ya kibanda ikaruka, haijaonekana mpaka leo. Kisha Abdulaziz akaomba kuiona treni, akainama, akasifu kazi kwa dakika tano, akasema imefanana kabisa na zile za zamani. Alikuwa anatazama kipande cha ugali. Dada yako alijua, akanyamaza, eti asimwaibishe mgeni.

5. Kope. Brashi za madukani ni nene kama mti wa msitu wa Shume. Brashi inayofaa ni kope moja ya jicho, iliyogandishwa kwenye kijiti. Kope zangu zimeshakuwa nyeupe na laini, hazishiki rangi. Zake ni nyeusi na ngumu, nasema hivyo kwa kumsifu. Tangu Januari amenipa kumi na moja, zote za jicho la kulia. Nilipoomba za kushoto alisema ana harusi ya kwenda Mazinde. Harusi imepita tangu Juni na jicho la kushoto bado halijatoa kitu.

Kwa hayo yote, Shemeji, naomba uje umchukue dada yako akae kwako Vuga miezi miwili, kuanzia Jumatatu ijayo. Simwachi. Simrudishi kwa ubaya. Namweka mbali na rangi mbichi tu, kama unavyomweka mbali mtoto na jiko. Masharti yangu ni haya machache:

(a) Kila siku ya kazi arudi hapa kwa gari la kwanza, awe mezani pangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hii ni kwa sababu za kiufundi ambazo si lazima kuzieleza katika barua ya lawama.

(b) Kwa kuwa ukungu wa Agosti na Septemba unazuia magari, siku za ukungu alale hapa hapa.

(c) Siku za mvua hali kadhalika.

(d) Jumamosi ni mazoezi ya kwaya na Jumapili ni ibada. Kwaya haiwezi kukosa sauti ya pili kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwangu.

(e) Siku nitakayoshindwa kufunga vifungo vya shati pia abaki. Siku hizo zimekuwa nyingi.

Nimepiga hesabu pamoja na karani. Katika miezi hiyo miwili dada yako atalala kwako siku mbili, zote Jumanne. Naomba siku hizo umhimize kwa nguvu asiimbe, na umkumbushe kuhusu jicho la kushoto.

Nisalimie shemeji wa kike, na mwanao Shukrani na mumewe, na wajukuu wote kwa majina yao, na yule jirani yako aliyetuazima godoro mwaka 1991, kama bado yuko hai. Mwambie hatujamsahau.

Ni mimi shemeji yako niliyedhulumiwa lakini bado nakupenda,

Elinuru Shekiondo
(dole gumba badala ya sahihi, kwa sababu zile zile za kiufundi)

N.B.

Kaka Benjamini, shikamoo. Ni mimi Devotha. Mwandiko najua umeutambua tangu mstari wa kwanza. Karani ni mimi. Nimeandika kila neno kama alivyolitamka, na pale aliponisema vibaya nimeandika kwa herufi nzuri zaidi. Sasa ametoka kuota jua barazani, nimepata nafasi.

Usije kunichukua. Mkono wa kulia wa Elinuru unatetemeka tangu mwaka juzi, na sasa wa kushoto nao umeanza. Kikombe cha chai anashika kwa miwili na bado kinamwagika. Umbo la kile kichwa alilichonga mwenyewe zamani, ila rangi imemkuta mkono umeshakataa. Kwa hiyo yeye anatazama kwenye lenzi na kusema juu kidogo, chini kidogo, mimi ndiye ninayepaka. Mimi bila yeye sioni kitu pale mezani. Mstari mwekundu tumeumaliza jana. Zimebaki namba tu, na jicho la kushoto nilikuwa nalitunza kwa ajili ya namba.

Wewe njoo tarehe 21 Oktoba, ule nasi, ukione. Ukibisha hodi usitoe salamu mpaka nikufungulie.

Na lile la makande, Kaka, nakuambia wewe tu. Sikukosea kuchambua. Alikuwa anataka kunionyesha bomba la moshi, mkono ukamruka, kikaangukia kwenye ungo, naye hakujua kimekwenda wapi. Nami sikukiona kilipoangukia, nilikuja kujua wakati wa kula. Alipokiuma mezani alinitazama kama mtoto, nikasema ni mimi. Tafadhali, siku hiyo tukiwa mezani akikusimulia, nilaumu na wewe kidogo.