Natafuta Express Bunia

Jumatatu, 1 Machi 2004

Nimefika. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Kichwa kinapasuka, na si kwa sababu ya safari. Ni kahawa. Sijaionja tangu nitoke nyumbani Mahagi!

Kosa ni la mwenye bunduki mmoja wa barieri, kizuizi cha barabarani pale Iga Barrière. Walitushusha wote kwenye lori, wakapekua mizigo. Akakuta kopo langu la kahawa ya kusaga. Akauliza ni kitu gani. Ningejibu neno moja tungepita. Lakini nilimweleza vizuri: isichemshwe hata siku moja, maji ya moto yaisukume kwa nguvu nyingi, ndipo itoe povu. Akasema kitu cha nguvu namna hiyo kinaweza kulipua daraja. Akakibeba. Nilitaka kuendelea kumfundisha. Abiria mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Watu hawapendi elimu.

Safari yenyewe ni ya kumchukua mama mkwe, Scholastique. Rebecca wangu ana mimba, siku zimekaribia. Davy, mtoto wetu wa kwanza, alitoka kwa shida kubwa. Bila mikono ya mama Scholastique wote wawili wangekufa. Sasa vita vimemfukuza mama kijijini kwake Djugu, amekuja kujificha Bunia, na mtu na binti yake hawajaonana tangu hapo. Rebecca hakusema mengi. Nirudi na mama yake, au nisirudi.

Mama anakaa kwa Viviane, dada ya Rebecca, na mume wake Honoré. Honoré! Pikipiki anayo. Mabati mapya anayo. Mama anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "Baba Davy".

Lucien, dereva wa lori letu, anasema tutarudi siku askari wa Monuc, wale wa Umoja wa Mataifa, watakapokubali kutusindikiza. Labda Ijumaa. Basi nafasi ipo. Mji mkubwa hivi hauwezi kukosa express moja, ile kahawa ya povu.

Jumanne, 2 Machi

Usingizi mbaya. Asubuhi Viviane akanipa chai. Nilikataa kwa upole. Niliwaeleza kwamba mtu aliyekunywa express Kampala, hata kama ni mara moja tu, harudi kwenye chai. Kikombe kidogo kama cha watoto kuchezea, kahawa nyeusi, povu juu lenye rangi ya asali. Honoré akauliza kama kikombe ni kidogo hivyo, si ni afadhali kulamba kijiko? Mama Scholastique alicheka huko jikoni. Nilimsikia.

Heri moja: mkwe hali mbele ya mama mkwe. Mama akiingia sebuleni, mimi natoka. Hakuna anayeniuliza naenda wapi. Adabu imenipa ruhusa ya kutembea kutwa.

Mbinu yangu ya mji wa kigeni: anza na hoteli yenye mapazia. Nikapata moja kwenye bulvari, barabara kuu ya mji. Nikaketi, nikaweka mguu juu ya mguu, nikaagiza express. Msichana akanitazama kwa huruma.

"Express ilisimama tangu vita, baba," akasema. "Sasa iko tu camion."

Nikamwambia sitafuti basi wala lori, nataka ya kunywa. Akaenda, akarudi na chupa ya maji moto, kopo la kahawa ya unga, na maziwa ya unga yaliyoganda kama chokaa. Nilikunywa. Aibu! Kichwa kikazidi kuuma.

Nikiwa bado pale, Honoré akapita na pikipiki, mama amekaa nyuma, wanatoka dispansari kuchukua dawa ya magoti. Akapiga honi. Mama akanipungia mkono kama mtu anayemuaga mlevi.

Jumatano, 3 Machi

Siku kubwa! Mashine ipo!

Mbinu ya pili: uliza mahali walipokaa zamani wafanyabiashara wa kizungu. Mzee mmoja sokoni alikumbuka duka la mgeni fulani aliyeondoka. Duka liliporwa, vitu vikatawanyika. Na mashine moja ya ajabu, alisema, iliangukia kwa mama Emerance, mwenye mgahawa nyuma ya soko.

Nikakimbia. Ipo! Juu ya kaunta, inang'aa, mikono miwili imening'inia mbele. Emerance anapanga juu yake sahani zilizooshwa, zikauke. Nilitaka kulia. Nikamwambia ana utajiri kichwani mwa kaunta na hajui. Akauliza kama mimi ni fundi. Nikajibu ndiyo. Ni neno fupi, lilitoka lenyewe.

Nikaifungua. Ndani mlikuwa na panya na familia yake yote. Walitoka wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wateja. Mmoja alipitia kwenye bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wateja wakaondoka bila kumaliza, na wengine bila kulipa.

Nikajitetea kwamba panya hawakuwa wangu. Nikaanza kurudisha vyuma mahali pake. Havikukubali. Emerance akauliza kwa sauti ya chini, ile ya hatari:

"Weye iko fundi ya nini?"

Amebaki na koti langu mpaka mashine irudie sura yake. Koti zuri, la harusi. Nyumbani Viviane akaniuliza koti liko wapi. Nikasema joto.

Alhamisi, 4 Machi

Mbinu ya tatu, bora kuliko zote: fuata pua.

Nilipita asubuhi karibu na uwanja wa ndege, kwenye kambi ya wageni. Upepo ukavuma. Harufu! Si ya unga wa kopo. Ile yenyewe. Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mlangoni kulikuwa na foleni ya watu wa kazi ya kutwa. Nikaingia kwenye foleni. Geneviève, dada anayewatafsiria wageni, akauliza kila mtu anajua kufanya nini. Nikasema mimi ni mtaalamu wa kahawa, kutoka shambani mpaka kikombeni. Akaandika kitu. Nikafurahi. Nikapewa koleo.

Nimechimba mfereji kutwa nzima na viatu vya Misa. Mfereji unapita nyuma ya jiko lao! Mzungu mmoja, fundi wa taa za uwanja, mtu wa Italia, ana birika la chuma la kwao linalopandisha kahawa juu lenyewe. Nikamwomba Geneviève aniombee kikombe kimoja. Akarudi na jibu: anapika asubuhi tu. Kesho, nikiwahi, ataniwekea.

Nikarudi nyumbani malengelenge mikononi, moyo mwepesi. Nikakuta Lucien amepita na habari. Msafara unaondoka kesho asubuhi na mapema.

Mama Scholastique alikuwa amekwisha funga mzigo wake. Kuku mmoja wa mzazi, kitambaa cheupe, majani yake ya dawa. Aliniita nje. Safari hii hakuangalia pembeni kama adabu inavyotaka.

"Baba Davy, weye njo utanifikisha kwa mutoto yangu?"

"Mimi mwenyewe, mama," nikajibu.

Nilisema kweli. Nilitaka hivyo kabisa.

Ijumaa, 5 Machi

Nieleze hesabu yangu, ili mtu asinilaumu. Lori la Lucien halijaondoka kwa wakati hata siku moja. Likisema asubuhi, ni saa sita. Kambi iko karibu. Naenda, nakunywa, narudi, napanda. Nani angefikiri vingine?

Nikatoka kabla Viviane hajawasha moto. Mtaliano alikuwa bado ananyoa ndevu. Nikangoja. Akachagua nguo. Nikangoja. Mwishoni akaleta birika, akamimina. Kikombe kidogo! Nikakishika kwa vidole viwili, kama Kampala.

Sitasahau. Ilikuwa chungu, nzito, na nyuma ya uchungu kitu kama tunda. Kichwa kikafunguka. Ndege ya mizigo ilikuwa inapasha injini, na mimi sikuisikia. Mtaliano akasema neno, Geneviève akatafsiri: kahawa hii inatoka milima ya Mahagi, aliinunua sokoni. Nikamwambia ni kweli, ndiko kwetu! Tukapeana mikono. Akanimiminia ya pili. Ningekataaje?

Nilipofika kwenye maegesho, palikuwa na maganda ya ndizi na matone ya mafuta.

Lori lilikuwa limeondoka kwa wakati! Askari hawangoji. Viviane alikuwa bado amesimama pale, mikono kifuani. Alisema mama alikaa mbele, kuku mapajani, akawa anauliza kila dakika, "Baba Davy iko wapi?" Lucien akawasha injini. Mama hawezi kupita barieri peke yake na magoti yale. Basi Honoré akampa Viviane ufunguo wa pikipiki, akapanda kwenye nafasi yangu. Bila koti, bila maji ya kunywa.

Nikamwambia Viviane kwamba msafara umekosa nidhamu. Akanipa mgongo, akaelekea nyumbani.

Jumamosi, 6 Machi

Hakuna habari.

Mchuuzi wa mkaa aliyetoka upande wa Iga alisema alisikia risasi jana. Mbali, alisema. Halafu akasema si mbali sana. Halafu akasema labda ilikuwa upande mwingine.

Tulienda parokiani, Viviane na mimi. Kuna foni pale, ile redio ya kuitia watu wa mbali, na benchi ya kungojea. Benchi ilijaa wenye jamaa kwenye lori lile. Mama mmoja alikuwa anasali rozari bila sauti. Viviane alishika ufunguo wa pikipiki, akawa anaugeuza, anaugeuza. Yule Honoré hata mavazi ya kubadili hakubeba. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia Honoré ni mtu mwenye akili. Ni mara ya kwanza nalisema hilo, na nilikuwa nalisema kweli.

Aliniuliza tu: "Ilikuwa tamu?"

Mtu wa foni alituletea chai. Nilikunywa yote, na sukari yake.

Jua likiwa linaelekea kuzama, foni ikakoroma. Sauti ya Mahagi. Lori limefika! Walilala njiani, mahali paitwapo Fataki, kwa sababu ya tairi. Wote wazima. Watu wakaimba. Viviane akalia juu ya bega langu, kisha akakumbuka ni bega la nani, akahamia kwa yule mama wa rozari.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya Misa tukaitwa tena kwenye foni. Safari hii ilikuwa sauti ya Honoré mwenyewe, inakatika-katika kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Mimi ni baba! Msichana! Mama Scholastique alifika Rebecca akiwa tayari kwenye uchungu. Mtoto alikuja amekaa vibaya, kama Davy. Mama hakunawa hata vumbi la njia, aliosha mikono tu, akaingia. Wangechelewa kidogo, alisema Honoré, halafu sauti ikakatika, na sijui kama ilikatwa na mashine.

Nililia mbele ya watu. Hilo naliandika, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nikauliza mtoto anaitwa nani. Mashine ikapiga mluzi. Nikauliza tena. Anaitwa Honorine.

Honorine! Rebecca ndiye aliyechagua. Na Honoré anakaa kwangu, kwenye kiti changu, mpaka lori lingine. Analishwa kuku. Nimeapa mbele ya sanamu ya Bikira: Lucien yuko njiani kuja, kesho anageuza tena, nitapanda gari la kwanza. Sitasikia la mtu. Nitamshika binti yangu mikononi.

Jumatatu, 8 Machi

Sikukuu ya akina mama. Bulvari imejaa vitenge vipya, wanapita kwa mistari, wanaimba. Viviane alikuwa mbele. Alininunulia mkate wa safari. Tumepatana, karibu.

Lucien alinitunzia nafasi ya mbele, pale alipokaa mama. Nikaweka begi. Nikakaa. Nilikuwa nimekaa kabisa! Lakini msafara ulichelewa, nikashuka kunyoosha miguu. Lori la jirani lilikuwa linapakia chumvi. Dereva wake, Ambroise, mtu mwema, akaniuliza mbona nina furaha hivyo. Nikamweleza habari ya mtoto, kisha ya birika la Mtaliano. Akasema hiyo si kitu. Komanda, kwa mapadri, kuna mashine ya express kweli, shaba tupu, inawashwa kwa kuni. Haihitaji umeme!

Komanda si mbali. Ni upande mwingine, lakini si mbali. Leo naenda, kesho narudi, kesho kutwa niko Mahagi. Nimemtuma Lucien amwambie Rebecca nimepata shughuli. Honorine ana maisha yote ya kuniona, na mtoto wa siku moja hata haoni vizuri.

Naandika juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori la Ambroise. Upepo mzuri. Nimemuuliza Ambroise padri mwenye mashine ni mtu wa namna gani. Anasema hajui, padri huyo aliondoka tangu vita vianze, na nyumba imefungwa kwa kufuli.

Lakini mashine, anasema, inaonekana vizuri sana dirishani.