Sukari Nguru Yangu Isiyo na Sukari

Leo nimeaibika hadi mbuzi wakaacha kutafuna. Naapa! Walikuwa wamefungwa pembeni mwa boma huko Kasikeu, mbuzi wetu wenyewe tuliowapeleka, na hata wao waliinua vichwa wakaniangalia.

Ngojeni nieleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa shemeji yangu Kilonzo, ambaye huongeza chumvi. (Angekuwa ameongeza sukari, tena ya dukani, haya yasingetokea.)

Mnajua Baba Kioko ana ugonjwa wa sukari. Daktari wa hospitali ya wilaya alimwambia waziwazi: ugali upungue, sukari isiguswe. Ugali alipunguza. (Mbele yangu.) Sukari akakataa kabisa kuiacha. Na si sukari nyeupe, jamani. Mume wangu chai yake ni ya sukari nguru, yale mabonge ya kahawia ya kuvunjwa kwa nyundo. Bila hiyo, anasema, nimempa maji ya kuoshea sufuria.

Sasa sukari nguru mnajua sifa zake huku kwetu. Ukionekana nayo sokoni Kikima, hakuna atakayefikiria chai. Watu watafikiria pombe. Chifu atakuja na kanisa litakuja, na sijui nani atafika kwanza. Na mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama kanisani! Nimesimama pale mbele mara nyingi nikiwachoma walevi mpaka wake zao wakaniandalia chai. Kwa hiyo Baba Kioko alikuwa akijinunulia bonge lake kimya kimya na kulificha kwenye koti.

Nikaamua kumtengenezea nyingine, isiyo na sukari wala wanga. Kwani mimi sikusomea upishi? Nina cheti. (Cheti ni cha ushonaji. Lakini wiki ya mwisho walitufundisha keki.)

Utamu nilipata kwenye vidonge vya sakarini vya duka la dawa. Rangi nilipata kwenye pumba za ngano nilizokaanga mpaka zikawa kahawia. Harufu niliiba kwa ng'ombe: tone la molasi, dogo tu, la kudanganya pua. Shida ikawa kuvishikanisha. Bonge la kwanza lilimwagika kama mchanga. La pili nilimpa mbwa, akalinusa, akaenda kulala kwa jirani.

Ndipo nikakumbuka gundi ya mgunga. Ile gundi ya rangi ya asali tuliyokuwa tukibandua mitini tukaitafuna tukichunga mbuzi. Dada yangu wa Kwa Vonza akaniletea mfuko mzima. Nikaitwanga, nikaiyeyusha kwa maji moto, nikachanganya na vyote, nikashindilia kwenye mkebe wangu wa mafuta uliobonyea ubavuni, nikaanika juani. Lilipotoka, wenzangu, lilikuwa sukari nguru yenyewe! Zito. Kahawia. Lenye takataka kidogo, kama inavyotakiwa.

Nilisahau jambo moja tu. Kwamba gundi hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tukibandikia majalada ya vitabu shuleni.

Sikumwambia Baba Kioko. Ukimwambia mwanamume kitu ni cha afya, amekwisha kukichukia. Nilimwekea kipande kwenye kikombe. Akanywa. Akalamba midomo. Akalamba tena.

"Sukari ya siku hizi imekuwa na uchungu nyuma," akasema.

"Ni ukame," nikajibu.

"Na chai imekuwa nzito."

"Ni maziwa mengi, Baba Kioko. Nakupenda."

Akakimaliza kikombe. (Kumwambia mume unampenda saa moja asubuhi humfanya aogope kuuliza zaidi.)

Basi, mkebe ukaanza kuisha haraka. Najaza, unaisha. Najaza tena, unaisha. Nikavimba kichwa! Nikawaambia kina mama kanisani, "Mwenzenu nimempata mume wangu kwa mkono wa jikoni." Mwezi uliopita nilipika mabonge mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na yote yakaenda. Sikujiuliza mtu mmoja anakunywaje chai yote hiyo. Sifa ni kitu kibaya sana.

Wakati huohuo tulikuwa tunajiandaa kwa ntheo ya Kioko. Ntheo mnaijua: usipopeleka wale mbuzi kwa kina msichana, hata muwe na pete na watoto wa kwenda shule, kwa Wakamba bado mnatembeleana tu. Na Kioko wangu si mtu wa kuchezea nafasi. Ni kijana mzuri, lakini huwa anaongea na wasichana akiangalia viatu vyake. Mwende wa Kasikeu ndiye wa kwanza kumngoja amalize sentensi. Huyu akipotea, nitalea mwanamume mzima mpaka nizeeke.

Babu yake Mwende, Mzee Ndambuki, ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Na alikuwa ametuma ujumbe: mbuzi bila uki, yaani pombe ya wazee, yeye hawahesabu. Nikamwambia Baba Kioko, "Sisi ni watu wa kanisa. Tutapeleka soda."

"Ndiyo, Mama Kioko," akasema.

Ndiyo ya haraka hivyo! Ningeishuku hapohapo. Lakini nilikuwa nje naanika mabonge.

Leo asubuhi tukapanda pikapu ya kukodi. Mimi mbele na leso yangu mpya, wanaume nyuma na mbuzi, blanketi na kreti za soda. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa plastiki umefunikwa gunia. Nikauliza. Kilonzo akasema ni maji ya mbuzi. Nikamsifu kwa kujali wanyama.

Kasikeu walitupokea vizuri mno. Mbuzi walikaguliwa meno, wakakubalika. Blanketi zikakubalika. Mwende alipita na sinia akamtazama Kioko, na Kioko akamtazama, machoni kabisa! Nikakaribia kulia. Nikaketi na kina mama wa pale, karibu na nyanya yake Mwende, mwanamke mdogo wa mwili mwenye macho yasiyokosa kitu. Yakabaki maneno ya Mzee Ndambuki tu. Akishaonja soda yetu na kusema "tumepokea," msichana ni wetu.

Kilonzo akaondoa gunia. Akainamisha ule mtungi juu ya kibuyu. Na nikasikia harufu ya miatine, yale matunda makavu ya kuumulia pombe.

Pombe!

Ningekaa kimya, ningelala leo na heshima yangu. Lakini mwenyekiti wa kina mama huwa hakai kimya. Nikasimama. Nikarekebisha leso. Nikasema kwa sauti ile ya kanisani:

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini Mungu na nyinyi mnisikie. Katika pombe hii hakuna mkono wangu. Hata kidole!"

Baba Kioko akaangalia juu kama anayengojea mvua. Mzee Ndambuki akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Tumesikia, mama. Keti." Nikaketi nimeshiba haki.

Mzee akapewa ya kwanza, kwenye kata ya kibuyu, kama desturi. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Akanywa. Akafikiri. Akanywa tena, ndefu, macho amefumba. Sisi sote tunamngoja. Akaishikilia kata mdomoni. Bado ameishikilia. Na mimi nikidhani ni starehe.

Kumbe anavuta, haitoki! Masharubu yake mazuri meupe yalikuwa yameshikwa na ukingo wa kata, ambao ulikuwa umeanza kukauka kwenye jua la saa nane. Akavuta kwa nguvu. Kata ikatoka na nywele kadhaa. Mzee akafungua kinywa aseme neno letu lile tulilolifuata na mbuzi kutoka kwetu Mbooni, na kinywa kikakataa. Midomo imeshikana katikati, pembeni kunatoka hewa.

"Mmmm," akasema Mzee Ndambuki.

Kilonzo akapiga makofi. "Mnaona? Ni kali hiyo! Imemshika mzee!"

"Mmmm!" akasema mzee, sasa kwa hasira, akionyesha mdomo kwa kidole. Kidole nacho kikabaki pale.

Hapo mjomba mmoja wa Mwende akaruka kutoka kwenye kiti. "Asi! Hawa watu wamemfunga mzee kinywa! Wamemfunga asiseme!"

Wenzangu, mnajua maneno hayo kwetu si mchezo. Ukiambiwa umemfunga mtu kinywa siku ya ntheo, hujaambiwa ni mpishi mbaya. Umeambiwa ni mchawi. Viti vikaanza kusogea. Mama mmoja akavuta mtoto wake mbali na mimi. Mtu akaenda kuwafungua mbuzi ili turudi nao. Nikamwangalia Kioko. Kijana wangu alikuwa amerudisha macho kwenye viatu.

"Haiwezekani!" Baba Kioko akapiga kelele. "Hii ni pombe safi! Sukari yenyewe si ya kuokota, nilitoa jikoni kwa mke wangu!" Akatia mkono kwenye lile koti lake akatoa bonge. "Muone wenyewe! Sukari nguru!"

Bonge la kahawia. Lililobonyea ubavuni.

Nilitamani ardhi ipasuke. (Haikupasuka. Ardhi ya Kasikeu ni ngumu wakati wa kiangazi.) Mabonge yangu yote, jasho langu lote, sifa zangu zote kanisani! Mwanamume huyu alikuwa akiyabeba moja moja kwa kaka yake, wakayatia kwenye pombe ya siri. Yeye ananificha pombe kwa sababu ya kanisa langu, na mimi namficha sukari kwa sababu ya ugonjwa wake. Ndoa imara kabisa.

Ningeweza kunyamaza. Heshima yangu ilikuwa ikinivuta leso nikae. Lakini Mwende alikuwa amesimama mlangoni na sinia, analia, na mbuzi wa kwanza alikuwa amekwisha kufunguliwa.

Nikasimama mara ya pili.

"Si uchawi," nikasema. Ile sauti ya kanisani ilikuwa imekwenda mahali. "Ni gundi."

"Gundi gani?" akauliza mjomba.

"Ya mgunga. Na sakarini. Na pumba za ngano." Nikateremsha sauti. "Na molasi ya ng'ombe, kidogo tu. Hakuna sukari humo ndani hata chembe. Ni mimi niliyeitengeneza. Leteni maji ya moto, midomo itafunguka."

Maji yakaletwa. Nyanya yake Mwende akamwosha mumewe midomo na kidole kwa pindo la leso, taratibu, kama hana haraka yoyote.

Baba Kioko ndiye aliyezinduka kwanza. "Kwa hiyo miezi hii yote nimekunywa chakula cha ng'ombe?"

"Na wewe kwa nini ukapika pombe?" nikamrudishia.

"Haikuwa pombe! Kilonzo alingoja iumuke mpaka jana! Haikuumuka!"

Kilonzo akajikuna shingo. "Nilionja ikawa tamu tu," akasema. "Nikafikiri itaamkia njiani, ikitikiswa."

Hata kuomba msamaha hakuomba! Mtu anayejiita fundi wa uki kutoka hapa mpaka Kasikeu amepika uji wa gundi, ameonja, ameona haulevyi, na ameupakia kwenye pikapu, kwa sababu kukubali kuwa pombe imemshinda ni aibu kuliko kumbandika mkwe mdomo. Nina hasira naye mpaka sasa.

Basi katikati ya kelele hizo nikasikia kicheko. Chembamba, cha kukatika. Nyanya yake Mwende alikuwa amekaa chini kabisa, machozi yanamtoka.

"Tangu huyu mzee anioe," akasema, "hii ni mara ya kwanza nimemwona anakunywa pombe halafu ananyamaza." Akapangusa macho. "Watu wanaoweza hivyo, sisi tunawakataa namna gani? Mama Kioko, mimi nimekupa mtoto. Na hiyo gundi uniwekee kidogo."

Boma lote likaangua kicheko. Hata yule mjomba. Mbuzi akafungwa tena. Mzee Ndambuki akapapasa pale masharubu yake yalipopungua, akanigeukia. Nikajua bado hayajaisha.

"Tumepokea," akasema hatimaye, na Kioko akainua kichwa. "Lakini kuna faini. Huyu mama alisema kwa pombe hii hakuna mkono wake hata kidole. Mimi kidole changu kilibaki hapa." Akagusa mdomo. "Kwa hiyo uki ya kweli itakuja. Kilonzo asiipike. Na sukari nguru, ile ya kweli, si mume atanunua. Ni yeye mwenyewe, mama wa kanisa. Soko la Kikima, mchana, abebe kwa kichwa."

"Baba, hata nikiificha kwa kikapu?" nikauliza.

"Kwa kichwa," akasema.

Kwa hiyo Kioko amepata mke, Baba Kioko amegoma kunywa chai, na kesho ni siku ya soko Kikima. Duka la sukari nguru liko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya mchungaji. Mkiniona natoka pale na furushi kichwani, wenzangu, nawaomba msicheke, na mtu akiwauliza, mwambieni kwamba mume wangu anapenda sana chai.